Uzi: Oshkosh na fundi shaba wa Katuba

MWANAANGA WA LUANO (mwanzisha uzi)

Bandugu, jambo. Tangu nirudi watu wananipigia simu kuuliza maswali yale yale, basi nayaweka yote hapa. Anayetaka asome, anayetaka kubisha abishe.

Mwezi wa Saba mwaka 2024 mimi na rafiki yangu, fundi wa Katuba hapa mjini, tulitoka Lubumbashi kwenda Oshkosh, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, Marekani, kwenye mkusanyiko wa wapenda ndege unaoitwa AirVenture. Wenyewe ni chama cha EAA, kilichoanzishwa mwaka 1953 huko Milwaukee na Paul Poberezny na wenzake, watu waliokuwa wakijitengenezea ndege nyumbani. Mkutano wao wa kila mwaka ulihamia Oshkosh mwaka 1970 na haujahama tena. Mwaka tuliokwenda sisi waandaaji walihesabu wageni wapatao 686,000 na ndege zaidi ya 10,000, kati ya zilizotua pale na kwenye viwanja vya jirani. Wiki hiyo mnara wa kuongozea ndege wa Wittman, uwanja wa Oshkosh, huwa na kazi kuliko mnara wowote duniani. Nyinyi mliozoea kukaa Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, mkisubiri ndege moja itokee, jaribuni kupata picha.

Mimi ni mtu wa ndege ndogo za kuongozwa kwa redio, hizi za povu na mbao nyepesi. Rafiki yangu hana habari na ndege. Yeye anafua shaba: zile picha za shaba mnazoona zimetundikwa kwenye kuta za watu, mwanamke anatwanga, wavuvi mtumbwini. Mpe sahani ya shaba na nyundo atakuonyesha maajabu, ila ndege ndogo ya Cessna na Antonov ya mizigo kwake ni kitu kimoja. Nilipotangaza kwamba nakwenda naye, wapenda ndege wenzangu walinuna. "Sisi tupo, unamchukua mtu wa nyundo?"

Ndiyo, nilimchukua mtu wa nyundo, na uzi huu naandika kwa sababu hiyo. Ukienda na mpenda ndege mwenzako mtasimama shingo juu kuanzia asubuhi hadi jioni, mkitajiana majina ya injini. Mtarudi na picha elfu kwenye simu. Mtu wa mikono hatazami juu sana. Atakuburuta kwenye mabanda wanakokata bati, wanakochomelea, wanakovalisha mbawa kitambaa, na huko ndiko Oshkosh yenyewe iliko. Maonyesho ya angani ni mazuri, sikatai, lakini hayo hata kwenye simu utayaona.

Ulizeni.

MTOTO WA KADUTU

Asante mukubwa. Kwanza kabisa viza. Sisi wa Bukavu tukisikia neno Marekani tunakata tamaa kabla ya kujaza fomu.

MWANAANGA WA LUANO

Nakuelewa ndugu yangu. Sisi tuliomba viza ya wageni, B1/B2. Unajaza fomu ya DS-160 kwenye intaneti, unalipa ada (wakati wetu ilikuwa dola 185 kwa kila mtu, na ukinyimwa hairudi), halafu unakwenda Kinshasa kwa mahojiano. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anapanda ndege ya kwanza hata kabla hajajua kama atapanda ya pili. Masharti ya viza yanabadilika siku hizi kama bei ya mafuta, basi soma tovuti ya ubalozi mwenyewe, usitegemee uzi huu.

Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni hiki: mkiwa wawili, kila mmoja ana dirisha lake. Mimi nilikuwa nimejiandaa na maelezo marefu ya historia ya ndege. Fundi aliulizwa anakwenda kufanya nini, akajibu kwa Kifaransa chake kifupi kwamba yeye anafua shaba, na anataka kuona wenzake wanavyofua alumini. Akatoa picha za kazi zake. Msijifanye nyote wawili ni marubani wastaafu. Kila mtu aseme kazi yake.

Halafu kuna njia. Sisi tulipita Addis Ababa, na kutoka Addis kuna ndege ya Chicago. Chicago hadi Oshkosh kwa barabara ni kama saa tatu. Kwa mtu wa Bukavu au Goma, uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025, basi ni kupitia Kigali. Kadi ya homa ya manjano usiiache, na hapa kwetu weka pembeni pesa za Go-Pass, ile ada ya uwanja wa ndege (wakati wetu ilikuwa dola 50), maana ukiisahau pale Luano hakuna atakayekusikiliza. Nyama usibebe hata kidogo. Forodha ya Marekani itaitupa ukiwa unaangalia.

MZEE WA MICHOPO

Samahani yaya, mimi sina maneno matamu. Watu wawili wazima, tiketi za kuvuka bahari, viza, hoteli, ili mkatazame wazungu wanacheza na ndege zao? Pesa hiyo si ungenunua mashine ya kusaga ukaweka Ruashi, wake zetu wakaacha kupanga foleni?

MWANAANGA WA LUANO

Mzee wangu, mashine ya kusaga ipo, na ndiyo iliyolipa tiketi. 😄

Ila swali la pesa ni la haki na nitalijibu. Tiketi ndiyo mla pesa mkubwa. Hoteli usizitaje: wiki ile bei za vyumba mji mzima zinapaa, na zilizo nafuu zimeshachukuliwa mapema na watu wanaorudi kila mwaka. Sisi tulilala kwenye hema. Pembeni mwa uwanja kuna kambi kubwa inaitwa Camp Scholler. Maelfu ya watu wanakaa humo na hema zao na magari yao, kuna bafu, kuna maduka, kuna trela za kubeba watu zinazovutwa na trekta. Hema tulinunua kulekule baada ya kutua, la bei ya chini, tukaliacha kwa familia moja tuliyopakana nayo.

Onyo kuhusu hema. Mwezi wa Saba Wisconsin ina mvua za radi zisizobisha hodi. Mwaka 2010 ardhi ililowa mpaka ndege zikakosa mahali pa kuegeshwa, na wenyeji bado wanausimulia mwaka huo. Kaza kamba zote, hata jua likiwa linawaka.

Na hili ni la marafiki wanaosafiri pamoja. Kabla ya kutoka Lubumbashi tuliandika kwenye daftari: mfuko mmoja wa chakula, usafiri na kiingilio. Zaidi ya hapo, kila mtu na mfuko wake. Jioni, kabla ya kulala, tunapiga hesabu mbele ya wote wawili. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukifia uwanja wa ndege kwa ajili ya soda iliyolipwa na nani. Daftari halina aibu.

BINTI WA KAMALONDO

Kaka, mimi nina swali la mtoto mdogo. Ndege elfu kumi zinatuaje bila kugongana?

MWANAANGA WA LUANO

Dada, hilo si swali la mtoto. Hilo ndilo lililonikesha.

Ndege ndogo zinazokuja bila kutegemea vyombo vya kuongozea zinaambiwa zianzie juu ya mji mdogo wa Ripon, kisha zifuate reli. Reli ya treni kabisa! Zinakwenda moja nyuma ya nyingine, nusu maili kati yao, kwa mwendo wa noti 90, ambazo ni kama kilomita 167 kwa saa, zikiwa futi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Zile zenye mbio zisizoweza kwenda polepole hivyo zinapita juu zaidi, futi 2,300, kwa noti 135.

Mbele kidogo kuna kijiji cha Fisk. Pale, chini kwenye nyasi, wanakaa waongozaji wa ndege wenye fulana za waridi na darubini mkononi. Ndege ni nyingi mno, hivyo rubani haruhusiwi kupiga domo redioni. Anasikiliza tu. Muongozaji anamtazama na kusema: wewe mwenye mbawa za juu, mweupe, tikisa mbawa. Ndege inatikisa kushoto kulia, jibu limekwisha. "Vizuri sana, fuata reli, utue njia namba 36." Rubani hajatamka neno.

Ukifika uwanjani, kwenye njia ya kutulia kuna alama kubwa za duara zenye rangi. Mnara unakuambia utue kwenye kijani, wa nyuma yako anaambiwa kwenye rangi nyingine, kwa hiyo ndege mbili au tatu zinakuwa kwenye njia moja kwa wakati mmoja. Mahali pengine pote duniani hilo lingefungisha watu. Kule lina waraka wake maalumu wenye kurasa nyingi, na rubani asiyeusoma arudi kwao.

Nilikodi kiredio cha kusikiliza mnara. Nilikaa nacho sikioni asubuhi nzima nikasahau hata kula. Fundi alikuja akanitazama, akasema ninafanana na mtu anayesikiliza mpira wa Mazembe, akaenda zake kwenye mabanda.

BABA WA KAMINA

Wanangu, nawasoma kimya kimya. Mimi ni mtu mzima, mwaka 1961 nilikuwa kijana mdogo Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Fouga Magister ya Katanga tuliijua kwa sauti kabla ya kuiona, ile ndege ya jeti yenye mkia wa V. Kule mlikokwenda ndege za vita za zamani zipo? Na zile za Kamina?

MWANAANGA WA LUANO

Shikamoo baba. Zipo, tena nyingi, na zinaruka. Kuna eneo zima la ndege za kivita za zamani. Fouga sikuiona kwa macho yangu, lakini za Kamina nimeziona kwa safu. Kwa vijana wasiojua: miaka ya 1950 jeshi la anga la Ubelgiji lilikuwa na shule ya marubani kwenye kambi ya Kamina, na ndege ya kufundishia ilikuwa Harvard. Wamarekani wanaiita T-6 Texan. Ina injini ya duara mbele, na sauti ya propela yake ukiisikia hutaisahau. Nilimweleza mzee mmoja mwenye T-6 yake, aliyekuwa anaipangusa mafuta tumboni, kwamba ndege za aina yake zilifundisha marubani karibu na kwetu. Hakuamini. Nikamwonyesha Kamina kwenye ramani ya simu. Akaita jirani zake watatu waje nirudie habari ile.

BABA WA KAMINA

Marahaba. Umenifurahisha. Zile Harvard zilikuwa zinapita juu ya shamba la baba yangu mdogo, kuku wanaingia chini ya ghala.

MTU WA BIRERE

Grand, mimi ni fundi gereji hapa Goma. Umesema mabanda ndiyo Oshkosh yenyewe. Sasa mbona unatuzungusha na reli na hema? Wanafanya nini humo mabandani?

MWANAANGA WA LUANO

Umenibana. Humo wanafundisha. Chama kinaweka warsha: bati la alumini, uchomeleaji, mbao, kitambaa cha mbawa, nyuzi za kioo na gundi. Ukishalipa kiingilio unakaa kwenye benchi, unapewa vifaa, unafanya kwa mikono yako. Sababu yake iko kwenye sheria yao: ndege ya kujitengenezea inasajiliwa kama ya mtengenezaji ikiwa zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu wasio kiwanda, kwa kujifunza au kwa burudani. Ndiyo maana kuna kampuni kama Van's Aircraft ya Oregon inayokuuzia mabati yaliyokatwa na kutobolewa tayari, halafu kupigilia ni kazi yako. Ndege zake za RV unazikuta pale mistari na mistari, na kila mwenye RV amekaa chini ya bawa kwenye kiti cha kukunja akisubiri umuulize. Hawachoki! Uliza swali moja la ribiti, vile vipini vya kubana mabati, upewe saa nzima.

Lakini nimemwita mwenyewe ajibu, maana mimi nilikuwa na redio sikioni.

FUNDI SHABA

Jambo bandugu. Njo miye ule fundi. Sijazoea kuandika sana, munisamehe.

Nilifika kwa benchi ya bati. Mwalimu muzee, mikono yake iko na makovu kama yangu, basi nikajua huyu anafanya kazi. Anatupatia vipande mbili ya alumini, tobo zimeshapigwa. Unashika bati kwa vibano vidogo vya springi, unaingiza ribiti. Mbele mutu anapiga na nyundo ya hewa, nyuma mwenzake anashikilia kipande ya chuma kizito. Ribiti inajipondea kwa kile chuma. Watu bengi benye tulikuwa nabo banaangalia nyundo. Kazi haiko kwa nyundo, iko kwa ule wa nyuma. Akilegeza, ribiti inalala. Akisukuma sana, bati inavimba.

Njo muzee akatuonyesha kipimo. Kichwa kile kinapondeka kinapashwa kuwa na upana wa unene wa ribiti mara moja na nusu, na kimo cha nusu ya unene. Ribiti ya milimita 3.2, basi upana 4.8, kimo 1.6. Iko na kibati kidogo kyenye tobo cha kupimia. Miye nilipitisha kidole juu ya ribiti za kwangu, nikamuonyesha moja, nikasema hii haiko muzuri. Akapima. Haikuwa muzuri. Akacheka, akaniondoa kwa benchi ya wanafunzi, akanipeleka kwa rafiki yake wa kule kwa gurudumu.

Gurudumu lile njo nilikuja kutafuta bila kujua. Fremu ya chuma kama herufi C, kubwa kama mulango, na magurudumu mbili ya chuma: ya juu iko tambarare, ya chini iko na tumbo. Unapitisha bati katikati, unaenda unarudi, unaenda unarudi, bati inajinyoosha inatoka na tumbo kama ya ndege, bila alama ya nyundo hata moja. Miye napiga shaba siku tatu kwa kupata tumbo kama ile. Nilikaa pale mpaka banafunga. Kiingereza sina. Yeye Kifaransa hana. Alikuwa ananigonga mukono nikikosea, basi.

Nilikuwa nimebeba sahani yangu moja ya shaba, twiga. Nikamupa. Alivaa miwani, akaigeuza nyuma kuangalia vile nimesukuma. Fundi wa kweli anaangalia nyuma ya kazi.

MTU WA BIRERE

Muzee, umenimaliza. Hilo gurudumu nalitaka.

BINTI WA KAMALONDO

Na mtu asiye na pesa ya kufika Marekani? Hakuna cha karibu?

MWANAANGA WA LUANO

Kipo, dada, ila si cha ukubwa ule. Afrika Kusini kuna maonyesho ya ndege ya AERO South Africa, na pale Pretoria makumbusho ya jeshi la anga yako Swartkop, yana ndege za zamani. Nairobi, uwanja wa Wilson, kuna Aero Club of East Africa, klabu ya tangu mwaka 1927, na sisi tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo safari ya Kenya si ya kuogopesha. Mwenye ndugu Ubelgiji, mwezi wa Nane kuna mkusanyiko wa ndege za zamani pale Schaffen, karibu na Diest. Mdogo, wa kirafiki, na Kifaransa chako kitakusaidia kuliko Wisconsin.

Kama ni lazima nichague kwa mtu wa mikono, bado nasema Oshkosh. Kwa mtu wa kutazama tu, nenda Pretoria ubakize pesa.

MTOTO WA KADUTU

Na kujitengenezea hapa kwetu? Nimesoma kwamba kule kuna vidude vidogo vya kuruka bila leseni.

MWANAANGA WA LUANO

Ni kweli. Tangu 1982 Marekani wana kanuni ya ndege nyepesi mno: kiti kimoja, uzito usiozidi kilo 115 hivi bila rubani wala mafuta, mafuta yasiyozidi lita 19 hivi. Hiyo inaruka bila leseni ya rubani, mchana, mbali na watu. Tuliziona zinaruka jioni kwenye kiwanja chao cha nyasi, zinatoa sauti kama ile mashine ya kusaga aliyoitaja Mzee wa Michopo. Hiyo ni sheria ya kwao. Kwetu mwenye neno ni AAC, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kongo, na usiinue hata tairi moja kabla ya kuwauliza. Anayetaka kuanza leo aanze na ndege za redio. Nitamfundisha bure, uwanja tunao, alete betri zake.

MZEE WA MICHOPO

Nimesoma yote, sikubali yote. Lakini hilo gurudumu la tumbo... Fundi, utaweza kulitengeneza hapa Lubumbashi?

FUNDI SHABA

Nimeshaanza, papa. Gurudumu ya juu nachonga kwa kipande ya shafti ya machine ya mgodi, ya chini natafuta beringi kubwa ya kamyo. Fremu imeshachomelewa, ilipinda kidogo, naiongezea chuma kwa mgongo, maana ikichezacheza bati inaharibika.

MZEE WA MICHOPO

Na ikiisha, itanyoosha madigadi ya teksi yangu? Iliingia ukuta wa shule.

FUNDI SHABA

Leta. Ila utoe rangi kwanza, na pesa nusu unaacha siku ile ile.